Tangawizi ya Miamba na donge la kooni

Msimu wa mavuno, malori yanayoshuka kutoka Mamba Miamba, Upare ya Kusini, hubeba magunia ya tangawizi ambayo bado ina udongo wa mlimani. Kwa familia nyingi wilayani Same, hiyo ndiyo ada ya shule. Wanunuzi huiwazia chai, mafua na kichefuchefu. Wachina wameitia pia katika dawa ya huzuni kwa takriban miaka 1,800.

Tabibu Zhang Zhongjing, wa mwishoni mwa enzi ya Han, aliandika habari za mwanamke anayehisi kipande cha nyama choma kimemkwama kooni, ilhali hakuna kitu, hali ambayo jadi huihusisha na huzuni. Dawa yake ilikuwa mchemsho wa vitu vitano: kiazi cha pinelia, gome la magnolia, uyoga wa poria, majani ya perila na tangawizi mbichi. Mchemsho huo, Banxia Houpo, sasa unapimwa maabara dhidi ya sonona.

Hupimwa kwa panya kwanza. Panya hao husumbuliwa wiki kadhaa: matandiko huloweshwa, taa huwashwa usiku, chakula hucheleweshwa, mpaka maji ya sukari wanayoyapenda yasiwashughulishe tena. Wakinyweshwa dawa, hamu hurudi. Ndani ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu na ambayo msongo wa muda mrefu huidhoofisha, huongezeka BDNF, protini inayosaidia seli za neva kuishi na kuunganika. Honokioli na magnololi, kemikali za gome la magnolia, zimeonyesha matokeo ya namna hiyo hata zikitolewa peke yake.

Na tangawizi? Mkulima wa Miamba asinikasirikie: kazi ya jadi ya tangawizi katika chungu hicho ni kupunguza ukali wa pinelia, ambayo ikiliwa mbichi huwasha koo vibaya. Ni mpambe, si bibi harusi. Akitokea mtu stendi ya Same anayeuza unga wa tangawizi kama tiba ya sonona, huyo anauza kiungo cha chai.

Kwa binadamu ushahidi bado mwembamba. Majaribio mengi ni madogo na hayakupangwa vizuri. Wakati huohuo dawa za sonona amitriptyline na fluoxetine zimo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu. Anayemeza mojawapo huku akichemsha magome nyumbani amwambie daktari, maana ini ndilo linalovunja vyote, na mmea mmoja unaweza kulichelewesha mpaka kidonge kizidi mwilini.