Umri wa Kuolewa Katavi: Mjadala Unaomkosa Mwenye Jambo (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza maana ya mjadala wa hadhara, yaani mazungumzo ambamo jambo linalowagusa watu wengi huzungumzwa mbele ya wote, hoja ikijibiwa kwa hoja, kabla wenye mamlaka hawajafikia uamuzi. Sehemu hii inaingia katika suala moja ambalo kwa miaka mingi limezua mabishano makali katika vijiji na mitaa ya Mkoa wa Katavi, nalo ni umri wa msichana kuolewa. Suala hilo ni la kisiasa kwa kuwa linahusu sheria iliyotungwa na Bunge, na ni la kimaadili kwa kuwa linagusa mwili na maisha ya mtoto. Zaidi ya hayo limefungamana na dini na mila kiasi kwamba wengi hulikwepa kabisa, na wanaothubutu kulizungumza mara nyingi hulizungumza kwa hasira.

Ni vema kuanza na sheria yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya mabishano hutokana na watu kutojua inasema nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 13, imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa mwanamume kuoa na miaka 15 kuwa umri wa chini wa mwanamke kuolewa, na kifungu hicho hicho kinaipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa ya mtu aliyetimiza miaka 14 pale ambapo mazingira maalumu yanaifanya ndoa hiyo ifae. Kifungu cha 17 nacho kinamtaka msichana ambaye hajatimiza miaka 18 apate kwanza ridhaa, yaani kibali kitolewacho kwa hiari, kutoka kwa baba yake, au kwa mama ikiwa baba amefariki. Kwa hiyo mzazi wa Inyonga au Karema anayedai kwamba sheria inamruhusu kumwozesha binti wa miaka 15 hatungi uongo, ingawa anasoma ukurasa mmoja tu wa sheria za nchi.

Kurasa nyingine zinasema tofauti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila mtu mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa mtoto, lakini haikutamka wazi kwamba mtoto huyo asiolewe. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imekataza mtu yeyote kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Sheria ya Kanuni za Adhabu, kutokana na marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inahesabu kuwa ni ubakaji kujamiiana na msichana aliye chini ya miaka 18 hata kama ameridhia, isipokuwa tu pale ambapo msichana huyo ni mke wa mtu huyo, ametimiza miaka 15 na hawajatengana. Msichana wa miaka 16 anayesoma kidato cha pili mjini Mpanda analindwa kwa tishio la kifungo cha miaka 30. Binamu yake wa umri uleule, aliyeishia darasa la saba huko Majimoto, anaweza kuozeshwa kwa ridhaa ya baba yake, na tendo ambalo jana lingeitwa ubakaji leo likaitwa haki ya mume. Pengo hili lina matokeo yanayoonekana, kwani imeripotiwa mara nyingi katika mikoa mbalimbali nchini kwamba wapo wazazi wanaowashawishi mabinti zao kufanya vibaya makusudi katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ili kinga ya Sheria ya Elimu iondoke na mazungumzo ya mahari yaanze.

Mahakama zimekwisha kulitolea suala hili uamuzi. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba kwa kuwa vinambagua msichana, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa ikieleza, pamoja na mambo mengine, kwamba tofauti hiyo ya umri iliwekwa ili kuheshimu mila na dini za wananchi na kumkinga msichana asizae nje ya ndoa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilizikataa hoja hizo, ikakubaliana na Mahakama Kuu na kuagiza marekebisho yafanyike ndani ya mwaka mmoja. Muda huo ulikwisha kabla Bunge halijavigusa vifungu hivyo, na katika miaka iliyofuata Serikali ikajikita katika kukusanya maoni ya wadau, wakiwemo viongozi wa dini.

Hapo ndipo linapozuka swali zito zaidi kuliko lile la umri: je, haki ambayo mahakama imekwisha kuitambua ni jambo la kuhesabiwa kura? Historia ya nchi inatoa mfano wa kufikirisha. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kutafuta maoni kuhusu mfumo wa siasa, iliwasikiliza watu zaidi ya 36,000, na takriban asilimia 77 kati yao walitaka chama kimoja kiendelee. Tume hiyo haikuishia kwenye hesabu. Ilitazama pia kwamba wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka mfumo huo ubadilishwe sana, na kwamba wachache waliobaki walikuwa sehemu kubwa mno ya jamii kupuuzwa, ndipo ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 pendekezo hilo likawa sheria. Funzo lililomo si kwamba maoni ya wananchi hayana uzito. Maoni hukusanywa ili sababu zilizo nyuma yake zijulikane na kupimwa, na sababu dhaifu haipati nguvu kwa kurudiwa na watu wengi. Hata Sheria ya Ndoa ilizaliwa kwa njia hiyo, kwani mwaka 1969 Serikali ilichapisha waraka wa mapendekezo yake na kuwaachia wananchi waujadili kabla muswada haujapelekwa bungeni, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa la kupongezwa.

Mjadala wenyewe huendaje kijijini? Mkutano mkuu wa kijiji kwa kawaida huitishwa chini ya mwembe au katika uwanja wa shule, mwenyekiti na mtendaji wakikaa mezani, wanaume wakishika mabenchi yaliyopo na wanawake wakitandika kanga pembeni, na suala la watoto wa kike huibuka mwishoni, kwenye mengineyo, watu wakiwa wamechoka na jua. Mzee mmoja husema kwamba binti akishavunja ungo amekua, na kumweka nyumbani ni kumsubiri alete mimba. Mwalimu humjibu kwamba hilo ni kosa la jinai. Kiongozi wa dini hutaja maandiko, afisa maendeleo ya jamii hutaja haki za binadamu, na kijana mmoja hupiga kelele kwamba hayo yote yameletwa na wafadhili. Baada ya robo saa kila mmoja amesema lake na hakuna aliyejibiwa, kwa sababu wasemaji hao hawakuwa wakizungumzia jambo moja.

Mantiki, yaani elimu ya kupima hoja, inatofautisha madai ya namna mbili ambayo mikutano kama hiyo huyachanganya. Lipo dai la hali halisi, ambalo ukweli wake huthibitishwa kwa ushahidi, na lipo dai la thamani, ambalo hueleza lipi ni jema au baya na hutetewa kwa kanuni za maadili. Mzee anaposema kwamba ndoa ya mapema huzuia mimba nje ya ndoa, anatoa dai la hali halisi, na inafaa aulizwe ushahidi. Anaposema kwamba kuzaa nje ya ndoa ni aibu ambayo familia haiwezi kuibeba, anatoa dai la thamani, ambalo takwimu haziwezi kulijibu. Anayemjibu kwa takwimu tu hugusa nusu ya maneno yake, na mzee huondoka akiamini kwamba hakusikilizwa, jambo ambalo kwa kweli ndilo lililotokea.

Takwimu nazo hutumiwa bila uangalifu hata na wenye nia njema. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Katavi asilimia 45 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Tangu hapo namba hiyo imetajwa katika semina na mikutano isiyo na idadi kana kwamba ni hesabu ya ndoa za utotoni. Sivyo ilivyo, kwa sababu ndani yake wamo wasioolewa kabisa, na wamo pia wanawake wa miaka 18 na 19 walioolewa kwa umri ambao hakuna anayeupinga. Utafiti wa mwaka 2022 uliikuta Katavi ikiwa na asilimia 34, kiwango ambacho bado ni kikubwa mno kikilinganishwa na asilimia 22 ya taifa, lakini kinaonyesha kwamba hali inabadilika. Mtetezi wa watoto anayeitumia namba vibaya humpa mpinzani wake sababu ya kuzikataa namba zote, na gharama ya kosa hilo humwangukia binti.

Upande wa mila una kasoro inayofanana na hiyo. Msemaji anaposimama na kusema "mila zetu", ingefaa aulizwe ni mila za nani, kwa maana Katavi ni mkoa wa watu wengi waliokutana. Wapo Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, ambao ni wenyeji wa siku nyingi. Wapo Wafipa waliotoka kusini. Wapo Wasukuma waliokuja na mifugo yao wakitafuta malisho na mashamba. Na wapo watu wa Katumba na Mishamo wenye asili ya Burundi. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao mkoa ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958, ongezeko ambalo sehemu yake kubwa imetokana na wahamiaji. Miongoni mwa Wasukuma mahari ya ng'ombe hufunga ukoo na ukoo, na binti anapoolewa mifugo huhama kutoka zizi moja kwenda jingine. Miongoni mwa Wapimbwe, kama alivyoonyesha mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder aliyefanya utafiti wake huko Mpimbwe kwa miaka mingi, ndoa huvunjika kwa wepesi, na wanawake kwa wanaume huoana na kuachana zaidi ya mara moja katika maisha yao. Mila mbili zinazotofautiana kiasi hicho haziwezi kutoa jibu moja kuhusu umri wa kuolewa, na anayedai kwamba zinatoa huwa anasema kwa niaba ya waliokaa kimya.

Aliyekaa kimya kuliko wote ni msichana mwenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inasema kwamba wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi waliotimiza miaka 18. Matokeo yake ni kwamba binti wa miaka 15 huonekana amekomaa vya kutosha kuwa mke, kubeba mimba na kuendesha kaya, lakini hajakomaa vya kutosha kuwa mjumbe wa mkutano unaoijadili hatima yake. Hata jambo linapofika kwenye dawati la jinsia na watoto polisi, mara nyingi familia mbili huamua kuyamaliza nyumbani kwa fidia, shahidi hatokei mahakamani, na yule aliyetendewa huwa wa mwisho kuulizwa, ikiwa ataulizwa.

Mkoa huu una kumbukumbu ya njia nyingine. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 na kuwekwa Katumba, Mishamo, na Ulyankulu mkoani Tabora, waliishi kwa zaidi ya miongo mitatu huku wengine wakiwaamulia. Ila mwaka 2007 na 2008 waliulizwa wao wenyewe kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania, na takriban wanne kati ya kila watano walichagua uraia. Maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa mwaka 2010. Mpango wa kuwatawanya katika mikoa mingine ulizua ubishi mkubwa, ukasitishwa, na kuanzia Oktoba 2014 vyeti vya uraia vikaanza kutolewa. Safari hiyo ilikuwa ndefu na yenye machungu yake, lakini swali liliwafikia wahusika kabla ya jibu.

Kwa suala la umri wa kuolewa, kuwafikia wahusika hakuhitaji kusubiri sheria mpya. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mtoto anayeweza kuunda maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sheria ya mwaka 1982 inaeleza nani ni mjumbe wa mkutano, na kumwalika mtu azungumze mbele ya mkutano hakumfanyi kuwa mjumbe wala hakumpi kura. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kulitoa suala hili kwenye mengineyo na kuliweka juu ya ajenda, akawaita mabinti watatu au wanne, walio shuleni na walioacha, pamoja na waliokwisha kuolewa, wakasema kwanza, kabla wazee na viongozi wa dini hawajasimama, na maneno yao yakaandikwa katika muhtasari unaopelekwa halmashauri. Sehemu ya tatu itaeleza namna ya kuandika muhtasari huo ili sababu za kila upande zisipotee njiani kati ya kijiji na baraza la madiwani.