Bahari ya Kilwa ikitulia asubuhi isikudanganye, msimu wa kusi una saa zake

Simama gatini Kilwa Masoko saa mbili asubuhi, mwezi Julai. Maji yametulia, ng'ambo unakiona Kilwa Kisiwani, kama kilomita 2 tu. Mtu mgeni anasema bahari ni shwari, anapanga kwenda na kurudi jioni. Saa kumi jioni bahari ileile inaweza kuwa imejaa povu jeupe, na nahodha anakwambia subiri mpaka kesho.

Hakuna muujiza hapo. Ni upepo wa kusi, na kuujua kunaweza kukuokolea nauli, mzigo au maisha.

Kusi ni nini hasa?

Pwani ya Lindi ina misimu miwili mikubwa ya upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, ukitokea kaskazini mashariki. Kusi huanza karibu na Aprili na kukaza Juni, Julai na Agosti, ukitokea kusini na kusini mashariki. Chanzo chake kiko mbali: miezi hiyo bara la Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda, na hewa baridi na nzito ya kusini mwa Bahari ya Hindi huvutwa kwenda kujaza nafasi. Kilwa iko njiani.

Upepo huohuo ndio ulioijenga Kilwa. Majahazi ya Uarabuni na India yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi. Aliyetaka kwenda mbele zaidi, mpaka Sofala kwenye dhahabu, alikuwa hatarini kukosa upepo wa kurudi mwaka uleule. Ikawa nafuu kununua Kilwa. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji tajiri, na utajiri huo kwa sehemu kubwa ulikuwa hesabu ya upepo.

Kwa nini hakuna mawimbi ya kuteleza kwa ubao?

Vijana wanaoangalia video za Durban au Jeffreys Bay huuliza swali hili. Jibu fupi ni Madagaska. Yale mawimbi marefu, yaliyopangika, huzaliwa kwenye dhoruba za mbali sana kusini mwa dunia, na kisiwa hicho kimesimama kama ukuta kati yake na sisi. Yanayofika Kilwa mengi ni mawimbi ya upepo wa karibu: mafupi, yenye fujo, yanafuatana harakaharaka. Hayapendezi kwenye ubao, na kwa mtumbwi au ngalawa ni mabaya zaidi, maana chombo hakipati muda wa kuinuka kabla ya wimbi la pili kufika.

Ufukwe wako unatazama wapi?

Hapa ndipo wengi hukosea. Utabiri ni mmoja, lakini fukwe hazifanani. Ufukwe unaotazama kusini au kusini mashariki hupigwa usoni na kusi. Ulio nyuma ya kisiwa unaweza kukaa kimya siku hiyohiyo. Bandari ya Masoko ina bahati hiyo, kwa sababu Kisiwani kiko upande wake wa kusini na kinaikinga. Ndiyo maana utulivu wa gatini hausemi lolote kuhusu hali ya nje, njia ya kwenda Songosongo kwa mfano. Januari mambo hugeuka: fukwe za kusini hupumzika, zinazotazama kaskazini mashariki ndizo zinazopata taabu.

Kuna na mwamba. Sehemu nyingi za pwani hii zina miamba ya matumbawe mbele ya ufukwe, nayo huyavunja mawimbi kabla hayajafika. Lakini huyavunja vizuri maji yakiwa yamekupwa. Maji yakijaa, mawimbi hupita juu yake.

Sasa weka saa pamoja. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Tofauti kati ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Na upepo wa kusi kwa kawaida huwa mpole alfajiri, ukaongezeka jua linapopanda, ukafika kileleni alasiri. Kwa hiyo siku za bamvua maji mengi na upepo mkali hukutana saa moja. Wanaokwenda mwambani kutafuta pweza wanaijua hesabu hii bila kitabu: wanashuka asubuhi, na maji yakianza kurudi hawabishani nayo.

Kwenye milango ya bahari kuna mtego mwingine. Maji yanapotoka kwenda nje huku upepo ukisukuma kuingia ndani, mawimbi husimama wima. Hapo boti ndogo hupata tabu hata siku ambayo upepo si mkali sana.

Utabiri unasomwaje?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Msimu wa kusi utasikia sana maneno haya: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mita 2 ni zaidi ya urefu wa watu wengi. Kwa boti ya kivuko ya mbao, hilo si jambo la kujaribu.

Kimbunga ni habari tofauti, na hakifuati ratiba hii. Ni nadra pwani hii, ila si hadithi: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 Hidaya kilifika karibu na Mafia, mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga.

Mwenye safari isiyo ya haraka ana dirisha zuri. Kuanzia Septemba kusi hulegea, wazee huita demani, na kufikia Novemba huja maleleji, upepo ukiwa haujaamua utoke wapi. Mwenye haraka Julai atafute boti ya asubuhi, na amuulize nahodha saa ya kurudi kabla ya kumuuliza nauli.