Je, Wajua? Deni la Nyumba na Anayebeba Hatari

Je, wajua kwamba katika karne ya 19 mwenye shamba la karafuu Unguja aliweza kuliuza shamba lake leo na kesho akaendelea kuchuma karafuu humo humo? Mauzo ya aina hii yaliitwa bei khiyari. Mdeni aliandikiana waraka na mkopeshaji, aghalabu mfanyabiashara wa Kihindi, kwamba amemuuzia shamba kwa fedha kadhaa, ila ana haki ya kulikomboa ndani ya muda waliokubaliana. Muda huo wote alibaki shambani kama mpangaji, na kodi aliyotoa ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Riba haikuandikwa popote. Lakini hatari yote ilimkalia mwenye shamba. Bei ya karafuu ikianguka, au ukija upepo kama kimbunga cha Aprili 1872 kilichoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, deni lilibaki palepale. Madeni yalilimbikizana mpaka mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie kwa watu wa jamii nyingine bila idhini ya Rezidenti, mwakilishi wa Uingereza.

Je, wajua kwamba maelfu ya Wapoland walioomba mkopo wa nyumba mwaka 2008 walijikuta wanadaiwa kwa fedha ya Uswisi? Riba ya mkopo wa faranga ilikuwa nafuu kuliko ya zloti, na katikati ya mwaka huo faranga moja ilikuwa takriban zloti 2. Chukulia mtu aliyekopa faranga 100,000: alipata kama zloti 200,000. Akalipa kila mwezi bila kukosa hadi akabakiza faranga 85,000. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi ikaacha kuizuia faranga isipande, nayo ikavuka zloti 4. Mlipaji yule mwaminifu sasa anadaiwa zaidi ya zloti 340,000, kupita hata alizochukua. Inaniuma kusikia watu hawa wakiitwa wazembe. Walilipa! Kilichowaumiza ni sharti la mkataba lililombebesha hatari ya kupanda kwa faranga mtu anayelipwa mshahara kwa zloti.

Denmark wana utaratibu mwingine, uliozaliwa baada ya moto mkubwa wa Copenhagen wa 1795, wenye nyumba walipohitaji fedha za kujenga upya. Mkopo wa nyumba hutokana na hatifungani zinazouzwa sokoni. Riba zikipanda, bei ya hatifungani hushuka, na mkopaji anaruhusiwa kuzinunua kwa bei hiyo ya chini na kulifuta deni lake. Mwaka 2022 riba zilipopaa, Wadenmark wengi walipunguza madeni yao kwa njia hiyo. Sioni kwa nini mpango wa haki namna hii haujaenea sana kwingineko.

Na Tanzania, je, wajua kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake? Ndiyo maana ofisa mikopo makini humwita na mwenza ofisini, akamsomea masharti, akamsubiri atie saini kwa mkono wake. Kesi nyingi za kupinga nyumba kupigwa mnada husimama juu ya hoja hiyo: mke hakushirikishwa.