Mdudu Gani? Mtazame, Mpige Picha, Mwonyeshe Mganga

Na mganga msaidizi wa zahanati



Wagonjwa wengi wakifika zahanati husema, "Nimeumwa na mdudu." Mganga akiuliza, "Mdudu gani?" hujibu, "Mdudu tu." Jibu hilo halimsaidii mganga. Wadudu ni wengi. Wengine huleta homa. Wengine hawana madhara. Kila mdudu ana sura yake na tabia yake. Mfugaji humjua ng'ombe wake kwa rangi na pembe. Sisi nasi tunaweza kumjua mdudu kwa kumtazama vizuri.

Siku hizi nyumba nyingi za vijijini zina simu yenye kamera. Simu hiyo inaweza kutusaidia kulinda afya.

MBU SI WA AINA MOJA

Asubuhi, tazama mbu aliyetua ukutani. Usimpige kwanza. Mtazame kwa upande.

Mbu anayeeneza malaria anaitwa anofelesi. Akitua, kichwa huwa chini na mkia huinuka, kama msumari uliopigwa upande. Huyu huuma zaidi usiku. Kinga yake ni kulala ndani ya chandarua chenye dawa.

Mbu wengine hulaza mwili sawasawa na ukuta. Mmoja wao ni mweusi, ana alama nyeupe miguuni, na huuma mchana. Huyu anaitwa aedesi. Hueneza homa ya dengi. Mwaka 2014 na mwaka 2019 homa hiyo iliwapata watu wengi Dar es Salaam. Aedesi huzaliana katika mapipa, makopo na matairi yenye maji. Kwa hiyo, ukimwona huyu, funika mapipa na mwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi.

Umeona? Ukimjua mbu, unajua pia mahali pa kuanza kazi.

PAPASI NA KUPE

Watu wengi huwachanganya wadudu hawa wawili. Kupe ana gamba gumu mgongoni. Ukimtazama kwa juu, utaona mdomo wake mbele. Akimshika mnyama au mtu, hung'ang'ania kwa siku kadhaa.

Papasi hana gamba. Mwili wake ni kama kifuko cha ngozi chenye mikunjo. Ukimtazama kwa juu, huoni mdomo, kwa sababu uko chini ya mwili. Mchana hujificha katika nyufa za kuta na sakafu ya udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi kujificha. Mara nyingi aliyeumwa hana habari. Papasi anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula.

Papasi hueneza homa ya papasi. Homa hii huja kwa nguvu, huisha, kisha hurudi baada ya siku kadhaa. Huwadhuru zaidi wanawake wajawazito na watoto wachanga. Inaweza kuharibu mimba. Kipimo cha haraka cha malaria hakiionyeshi homa hii. Damu hutazamwa kwa darubini.

Mama mmoja mjamzito alikuja zahanati kwetu na homa iliyokuwa ikirudi rudi. Kipimo hakikuonyesha malaria. Mume wake akatoa simu. Alikuwa amepiga picha ya mdudu aliyemkuta katika ufa karibu na kitanda. Alikuwa papasi. Tulimpeleka mama kwenye kituo cha afya chenye darubini. Vijidudu vya homa ya papasi vilionekana katika damu yake. Alipewa dawa na akapona.

Ugonjwa huu una historia ndefu katika nchi yetu. Mwaka 1905 Robert Koch, daktari kutoka Ujerumani, alichunguza papasi waliokuwa kando ya njia za misafara. Aliwakuta na vijidudu vya homa hiyo, hata ndani ya mayai yao.

Ukimkuta papasi nyumbani, ziba nyufa. Siriba kuta na sakafu. Sogeza kitanda mbali na ukuta. Chomeka chandarua chini ya godoro.

JINSI YA KUPIGA PICHA

1. Futa jicho la kamera kwa kitambaa laini.
2. Tafuta mwanga wa kutosha. Usiwe na jua mbele yako.
3. Weka sarafu kando ya mdudu ili ukubwa wake uonekane.
4. Usisogeze simu karibu mno. Picha itakuwa na ukungu.
5. Gusa mdudu kwenye kioo cha simu, ngoja aonekane vizuri, ndipo upige.
6. Piga picha mbili, moja kwa juu na moja kwa upande.
7. Kumbuka mahali ulipomwona, saa na tarehe.

Huna simu? Mtie mdudu aliyekufa ndani ya kiberiti kitupu, umlete. Usimshike kwa mkono mtupu.

Jihadhari. Usimfuate nge wala nyoka kwa ajili ya picha. Mtu akiwa na homa, apelekwe zahanati mara moja. Asingojee picha. Picha humsaidia mganga, lakini haiponyi.

SI KILA MDUDU NI ADUI

Watu wengine wakiona buibui mdogo ukutani humponda. Mwacheni. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yupo buibui mdogo anayeruka. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba buibui huyo hupenda kumla mbu jike aliyeshiba damu. Watoto wake humtambua anofelesi kwa jinsi anavyotua, mkia juu.

Ikiwa buibui mdogo anaweza kumtambua mbu wa malaria, sisi wenye macho makubwa na akili hatushindwi. Jioni ya leo, chukueni taa. Tazameni kuta na nyufa za nyumba zenu pamoja na watoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Utamtambuaje mbu anayeeneza malaria akiwa ukutani?
2. Papasi na kupe wanatofautianaje?
3. Ni nyumba zipi kijijini kwetu zenye nyufa, na tutasaidianaje kuziziba?