Vitu vya mababu viko Ulaya, kompyuta za makumbusho zinaweza kuvionyesha huku

Mtoto wa Lubumbashi anaweza kumaliza masomo yote bila kuona kinyago kikubwa cha Waluba chenye pembe, kilichochukuliwa Katanga mwaka 1896. Kiko Tervuren, karibu na Bruxelles, katika jumba la makumbusho ya Afrika.

Tarehe 17 mwezi wa pili 2022, Waziri wa kwanza wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Congo, Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84.000 vya Congo vilivyo kule. Mwezi wa sita mwaka huo, Mfalme Philippe alileta kinyago cha Kakuungu cha Wasuku katika makumbusho ya taifa, Kinshasa, kwa mkopo usio na mwisho. Kilichofika ni kinyago kimoja. Orodha ina maelfu.

Orodha hiyo ina faida gani kama raia hawaioni? Familia ya Bukavu ao Kalemie ikitaka kufika Kinshasa, inapaswa kulipa tiketi za ndege. Kufika Tervuren kunaomba visa. Kompyuta chache na intaneti ndani ya makumbusho ya Lubumbashi ao ya miji mingine zinaweza kupunguza umbali huo. Mgeni anayetazama chungu cha kale cha Sanga, kando ya ziwa Kisale, angeona palepale picha za vitu vya eneo hilo vilivyo ng'ambo.

Umeme ukikatika na mtandao ukilegea, kazi haisimami. Picha na maelezo vinawekwa katika kompyuta moja ya kuhifadhi, inayotumia paneli za jua na betri. Wageni wanaunganisha simu zao kwa Wi-Fi ya ndani, bila kutumia mega. Intaneti inahitajika tu wakati wa kuongeza picha mpya.

Kinachobaki ni luga. Maelezo yakiwa kwa Kifaransa na Kiholanzi peke yake, wazee wengi watapitwa. Yakiandikwa kwa Kiswahili na Kiluba, mzee anaweza hata kusahihisha jina la kitu ao la kijiji kilikotoka.

Waluba walijua kazi hiyo zamani. Kwenye lukasa, ubao wenye shanga, wataalamu wa Mbudye walipitisha kidole na kusimulia historia ya wafalme. Lakini ubao bila msimulizi haukusema kitu. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta pia: inaomba mwongoza wageni anayejua historia, na mlango ulio wazi kwa wanafunzi.