Chumba Kipate Joto, Wifi Asiingilie Kati!

Kama umewahi kulala Marangu au Kibosho mwezi wa saba, unaijua kasheshe yake. Moshi mjini sweta moja inatosha. Ukipanda mlimani, blanketi mbili hazitoshi. Ndiyo kawaida ya mlima: kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6 hivi.

Hapo ndipo ugomvi wa chumbani huanza. Mwenzako anataka hita iwake mpaka asubuhi, wewe unawaza LUKU. Na hesabu yako ni ya kweli: hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Saa nane ni uniti 16! Wengine wanaona bora waingize jiko la mkaa chumbani. Jamani, hapana! Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mkijifungia nayo, mnaweza msiamke.

Ipo njia ya kistaarabu. Kuna kihisi, kidude cha betri kinachopima joto la chumba na kutuma taarifa bila waya. Wengi hukiunganisha na hita kupitia intaneti. Mtandao ukikatika usiku wa manane, hita inabaki haijui iwake au izime. Bora aina ambayo kihisi kinaongea na swichi ya hita moja kwa moja; baadhi ya vifaa vya Zigbee vina uwezo huo. Joto likishuka chini ya nyuzi 18, hita inawaka. Likifika 20, inazima. Nyie mmelala zenu.

Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji: Bila intaneti kinafanya kazi? Swichi inahimili ampea ngapi? (Hita hiyo hula karibu 9.) Betri ya kihisi ikiisha, hita inajizima? Akibabaika, ondoka. Nyumbani, kihisi kikae usawa wa kitanda, mbali na dirisha na hita. Hita nayo ikae mbali na pazia na chandarua.

Lakini nyuzi ngapi? Hilo kifaa hakijui, kaeni wawili mkubaliane. Na msipitie kwa wifi, awe wa intaneti au dada wa mume. Ujumbe utafika umepinda. Mgeukie mwenyewe, umwambie: "Mpenzi, nasikia baridi."