Sisi Ndio Watu wa Mataifa

Masomo: Matendo 10, Wagalatia 2:11-14, Waefeso 2:11-22



Mara nyingi tukimtaja jirani asiyekuja kanisani, twasema, "Yule ni mtu wa mataifa." Twasema hivyo kana kwamba mataifa ni wao, na sisi ni wengine. Leo na tujiulize: katika Biblia, watu wa Mataifa ni akina nani?

Kwa Kiebrania neno hili ni goyim, na kwa Kiyunani ni ethne. Wayahudi walilitumia kwa watu wote wasiokuwa wa Israeli: Mmisri, Mrumi, Mkushi. Basi, ndugu msikilizaji, mimi na wewe hatukuzaliwa katika ukoo wa Israeli. Tusomapo habari za Mataifa, twasoma habari zetu wenyewe.

Tangu mwanzo Mungu hakuwasahau Mataifa. Alipomwita Ibrahimu, alimwahidi baraka itakayozifikia jamaa zote duniani. Tena Mathayo sura ya 1 yawataja Rahabu wa Yeriko na Ruthu Mmoabi miongoni mwa wazazi wa kale wa Bwana Yesu.

Hata hivyo, ukuta ulikuwapo. Katika Hekalu la Yerusalemu, Mataifa waliishia ua wa nje. Mbele yao palikuwa na ukuta wenye mawe yaliyoandikwa kwa Kiyunani, kumwonya mgeni kwamba akipita atakufa, na lawama ni yake mwenyewe. Jiwe moja la namna hiyo lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871. Mtu aliyeliona Hekalu angeelewa upesi Paulo alipowaandikia Waefeso kwamba Kristo ameubomoa ukuta uliowatenga watu.

Ukuta huo ulibomolewaje? Petro alikuwa Yafa, nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, Mungu alipomwonyesha maono mara tatu. Kisha akaenda Kaisaria, nyumbani kwa Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi. Kabla hajamaliza kuhubiri, Roho Mtakatifu akawashukia wote waliomsikiliza. Angalieni utaratibu huo: Roho alitangulia, ubatizo ukafuata, na tohara haikudaiwa. Baadaye mitume na wazee walikutana Yerusalemu (Matendo 15), wakakubaliana kwamba Mataifa wasitwishwe mzigo wa tohara. Mtu hakulazimika kuwa Myahudi kwanza ndipo awe Mkristo.

Lakini Petro huyo huyo, alipokuwa Antiokia, alikula pamoja na Mataifa mpaka wageni kutoka Yerusalemu walipofika. Ndipo akaogopa, akajitenga. Paulo alimkemea mbele ya wote. Petro hakubadili mahubiri yake. Alihamisha sahani yake tu. Na hilo lilitosha kuujenga ukuta upya.

Nami nakiri mbele yenu. Katika parishi moja niliyotumikia, akina mama walikuwa wakimchagua mweka hazina. Jina la mama mmoja mwaminifu, aliyeolewa kwetu kutoka kabila lingine, likatajwa. Mzee mmoja akasema polepole, "Huyu si wa kwetu." Mimi ndimi niliyekuwa mwenyekiti, nikanyamaza. Akachaguliwa mwingine. Jumapili iliyofuata mama yule alipiga magoti penye Meza ya Bwana, akanyosha mikono, nami nikampa mkate. Siku ile mkono wangu ulikuwa mzito. Baadaye nilikwenda nyumbani kwake kuomba msamaha. Alinisamehe, akanipa chai. Lakini kile nilichoharibu mkutanoni hakikurudi.

Wapenzi, sisi tulikuwa wageni, tukakaribishwa bure. Je, mgeni tunayemkaribisha kwa maneno, twamwachia nafasi mezani? Juma hili, mtafute mtu mmoja ambaye kanisa lenu humwita "si wa kwetu". Mtembelee, ule naye. Na wakimsema mahali ulipo, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuita tulipokuwa mbali, utusamehe kuta tulizojenga kwa maneno na kwa kimya chetu. Utupe ujasiri wa kuketi na wale uliowapokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.